Kichaka kimoja cha kivumbasi: mwongozo kamili wa kupiga picha za karibu za wadudu na maua kwa simu, na kuzihariri

Nyuma ya jiko letu hapa Muheza kuna kichaka cha kivumbasi. Hakuna aliyekipanda. Mama hukikata kikizidi, matawi huyatundika dirishani kufukuza mbu, na mvua zikinyesha mara mbili tatu kimesharudi kama kilivyokuwa. Picha zangu zote nzuri za mwaka wa kwanza zilitoka kwenye kichaka hicho, hatua sita kutoka mlangoni. Kabla ya hapo nilikuwa nimepanda mlimani hadi msitu wa Amani na kurudi na mamia ya picha za msituni, karibu zote zikiwa na ukungu, na mdudu yuko katikati kama nukta.

Ninachotaka kukufundisha hapa ni kusogea karibu na kukaa. Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu mwenye simu ya kawaida tu. Mwenye kamera kubwa nitamgusia njiani, lakini kanuni ni zilezile.

Chagua mmea mmoja na ukae nao

Anayeanza hutembea sana. Anaona kipepeo, anamkimbilia, kipepeo anaruka, anamfuata, na jua linakuwa kali hajapata kitu. Fanya kinyume chake. Tafuta mmea wenye maua madogo mengi: kivumbasi, mrihani, kunde, mbaazi, hata matembele yakichanua. Leta kigoda ukae. Dakika 20 za kwanza usipige picha hata moja, tazama tu.

Utaanza kuona mambo. Kwenye kivumbasi, nyuki mara nyingi hutua maua ya chini ya shada kisha hupanda kwenda juu, ua baada ya ua. Ukishalijua hilo humkimbizi tena. Unaelekeza simu kwenye ua la tatu au la nne juu yake, unaweka fokasi hapo (yaani unaiambia simu sehemu gani itoke safi), unamsubiri aje mwenyewe. Kereng'ende naye ana tabia yake: akiruka kutoka kwenye ncha ya kijiti, mara nyingi hurudi palepale. Sogea karibu na kijiti wakati hayupo, utulie.

Saa nzuri kwetu ni kuanzia saa 12 na nusu asubuhi hadi saa 3. Wadudu wengi hutegemea jua kupata joto la mwili, kwa hiyo alfajiri huwa wazito, wengine wamefunikwa na umande na hawawezi kuruka haraka. Upepo pia haujaamka. Huku ukanda wa pwani, kadiri mchana unavyosogea ndivyo upepo wa bahari unavyozidi, na ua linaloyumba sentimita moja ni kama tetemeko ukiwa umelisogelea kiasi hicho. Jua letu nalo hupanda upesi: ikifika saa 4 vivuli vimekuwa vyeusi na petali nyeupe zimeungua kwenye picha. Msimu mzuri ni wiki zinazofuata mvua za vuli na za masika, majani mapya yanapotoka na wadudu kujaa.

Kabla hujapiga goti chini, angalia unapolipiga. Vaa suruali ndefu. Jifunze kuutambua upupu kabla haujakufundisha wenyewe, angalia njia ya siafu, na kama nyasi ni ndefu zipigepige kwa fimbo kwanza ili nyoka apate nafasi ya kuondoka.

Vifaa, kwa ufupi

Futa lenzi ya simu. Simu inakaa mfukoni pamoja na jasho, mafuta na vumbi, na alama moja ya kidole inatosha kuipa picha ukungu ambao hakuna uhariri utakaouondoa. Kitambaa laini cha miwani kinafaa, au pindo la fulana safi ya pamba.

Simu nyingi za bei ya chini zina kamera ya pembeni inayoitwa makro, yenye megapikseli 2 tu, ambayo huona vizuri ukiwa umbali wa sentimita 4 hivi. Kwa maoni yangu, isahau. Tumia kamera kuu, rudi nyuma sentimita 10 hadi 15 mpaka fokasi ikubali, piga, halafu ukate picha baadaye. Baadhi ya simu za bei kubwa hutumia lenzi pana kupigia karibu. iPhone 13 Pro ya mwaka 2021, kwa mfano, inaweza kusogea hadi sentimita 2. Hiyo ni kamera ya kweli, itumie, ila kuwa mwangalifu kivuli cha simu yenyewe kisimfunike mdudu.

Ukitaka kununua kitu kimoja tu, nunua lenzi ya kubana kwenye simu yenye nguvu ya dayopta 10 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Hesabu yake ni rahisi: gawa mita 1 kwa namba ya dayopta, utapata umbali wa kufanyia kazi. Dayopta 10 ni sentimita 10, dayopta 20 ni sentimita 5. Anayeanza akinunua ile yenye nguvu kubwa zaidi atajikuta anamgusa mdudu kwa lenzi. Sentimita 10 zinampa nyuki nafasi yake, na mwanga unapata njia ya kupita.

Vitu vingine viko nyumbani. Karatasi nyeupe ya kurudisha mwanga. Kibanio cha nguo kilichofungwa kwenye kijiti, unakichomeka ardhini na kulibana shina la ua lisiyumbe (shina, wala si ua lenyewe). Na kipande cha dumu jeupe la mafuta ya kula, lile linalopitisha mwanga kidogo, kilichokatwa ukubwa wa sahani. Hicho ndicho ninachokithamini kuliko vyote, na sababu yake inafuata.

Mwanga

Wadudu wengi wana ngozi ngumu inayong'aa. Jua likimpiga mbawakawa moja kwa moja, mgongoni panatokea doa jeupe lisilo na kitu ndani yake, huku tumbo likizama gizani. Mwanga unapaswa kuwa mpana na laini, kama wa siku ya mawingu. Siku ya mawingu ukiipata, toka nje.

Siku ya jua, shika kile kipande cha dumu kati ya jua na mdudu, karibu naye iwezekanavyo bila kuonekana kwenye picha. Tazama kinachotokea: lile doa jeupe mgongoni linatawanyika, linakuwa mng'ao mpana, na rangi iliyokuwa imejificha, ya kijani au ya shaba, inajitokeza. Kisha weka karatasi nyeupe upande wa pili, chini kidogo, iangaze tumbo na miguu. Mikono ikipungua, mwombe mtoto akushikie. Watoto hupenda kazi hii na macho yao hugundua wadudu kabla yako.

Flashi ya simu iache. Iko karibu mno na lenzi, inapiga usoni na kuondoa umbo lote.

Picha za karibu zinahitaji pia ushushe mwangaza kidogo kuliko simu inavyotaka. Gusa skrini juu ya mdudu, itatokea alama ya jua au mstari pembeni, ivute chini mpaka sehemu nyeupe kabisa zipate umbile. Giza kidogo utaliinua wakati wa kuhariri. Nyeupe iliyoungua hairudi.

Fokasi: hapa ndipo kazi ilipo

Ukimsogelea mdudu, sehemu inayotoka safi kwenye picha huwa nyembamba ajabu. Chukua kamera kubwa yenye kihisi (kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga) cha milimita 36 kwa 24, piga mdudu kwa ukubwa wake halisi, yaani milimita 10 za mdudu ziwe milimita 10 kwenye kihisi, na uweke tundu la lenzi kwenye f/8 (namba ikiwa kubwa, tundu huwa dogo). Sehemu safi ni kama milimita 1 tu. Kihisi cha simu ni kidogo, kwa hiyo simu inakupa kina zaidi, lakini ukibana lenzi ya dayopta juu yake bado utaona jicho liko safi na mguu wa nyuma umepotea.

Kwa hiyo usiiachie simu itafute fokasi yenyewe kila sekunde. Fanya hivi. Gusa skrini juu ya mdudu na ubonyeze bila kuachia mpaka simu ikuonyeshe kwamba fokasi imefungwa. Kuanzia hapo usiguse skrini tena. Sogeza mwili wako mbele na nyuma, polepole, kwa milimita: viwiko vimekaa magotini au kifuani, simu imeshikwa kwa mikono miwili, na unapiga mwishoni mwa kutoa pumzi. Jicho la mdudu likianza kung'aa kwenye skrini, piga mfululizo, picha 10 au 20. Mwili unayumba hata ukidhani umetulia, na katika picha hizo 20 moja au mbili zitakuwa zimekamata milimita ile unayoitaka.

Jicho ndilo unalolilenga. Mwenye kutazama picha ya kiumbe hutafuta jicho kwanza, na jicho likiwa na ukungu hata mabawa yakitoka safi namna gani picha haisimami.

Jambo la pili ni pembe. Kwa kuwa sehemu safi ni nyembamba kama karatasi, ilaze karatasi hiyo juu ya sehemu ndefu ya mdudu. Kipepeo aliyefunga mabawa mpige ubavuni, simu ikiwa sambamba na bawa. Akiyafungua, mpige kutoka juu. Kiwavi, ubavuni. Na shuka chini mpaka lenzi iwe usawa wa macho yake. Picha ya mdudu iliyopigwa kwa kusimama wima huonekana kama ya mtu aliyepita njia.

Mwalimu bora wa fokasi ni vunjajungu, kwa sababu hutulia. Msogelee ukitokea mbele, taratibu. Katika kila jicho lake kubwa la kijani utaona nukta nyeusi inayokutazama, na ukihama kushoto nukta inahama nawe. Si mboni. Jicho la vunjajungu ni maelfu ya vijicho vilivyopangwa kama masega, na vile vinavyoelekea kwako vinameza mwanga badala ya kuurudisha, ndiyo maana pale panaonekana peusi. Weka fokasi kwenye nukta hiyo. Siku ya kwanza nilipoiona ikiwa safi, na vitundu vidogo vidogo vikionekana kuizunguka, nilikaa chini ya mchungwa nikiitazama ile skrini hadi chai ikapoa.

Mwenye kamera kubwa: shata 1/200, tundu la lenzi f/8 au f/11, ISO ya chini, na flashi iliyofunikwa na kipande kilekile cha dumu. Usikimbilie f/22 ukidhani utapata kina zaidi. Tundu likibanwa mno mwanga hutawanyika pembezoni mwake na picha nzima hulegea. Huna lenzi ya makro? Pete ya kugeuzia lenzi ya milimita 50 kinyumenyume hukuingiza kwenye ulimwengu huu kwa gharama ndogo.

Ukiwa tayari, panda msituni

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 katika Usambara Mashariki, iko juu yetu hapa. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa mimea hapo mwaka 1902. Nenda ukiwa umeshajifunza kwenye kichaka chako, kwa sababu msitu una ugumu wake: ni giza, na mwanga unaopita kwenye majani hugeuka wa kijani.

Tafuta miamba yenye kivuli na unyevu karibu na vijito. Huko huota Saintpaulia, ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, ambalo leo liko kwenye vyungu vya madirishani duniani kote. Lilipelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa afisa wa utawala wa Kijerumani huku, na mwaka 1893 likapewa jina hilo la kitaalamu. Asili yake ni milima hii na misitu ya jirani. Kwa kuwa halikimbii, lipe muda: laza simu juu ya mfuko mdogo uliojaa mchele au mchanga, weka kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise, piga. Usiling'oe, wala usikwangue mimea midogo inayofunika mwamba ili upate nafasi. Mmea mdogo unaoshikilia jiwe hupata shida kushika tena.

Vinyonga wa Usambara ni wengine. Kundi lao moja hata kwa kisayansi huitwa Kinyongia, jina lililotolewa mwaka 2006 na lililochotwa kwenye Kiswahili chetu. Usiku hulala kwenye ncha za vitawi, na tochi huwaonyesha wakiwa wamepauka kama jani kavu. Piga picha mbili tatu, zima tochi, ondoka. Kinyonga anayegeuka mweusi, anayefungua kinywa au kujitanua mbavu anakuambia umezidi. Usimshike mkononi kwa ajili ya picha. Na wale wanaomtia mdudu kwenye friji ili apoe atulie, usiwaige. Amka mapema, ubaridi wa alfajiri utamtuliza bila wewe kumtesa.

Kuhariri: picha moja mwanzo hadi mwisho

Mimi hutumia programu ya Snapseed ya Google, haina malipo, ipo kwenye Android na iPhone. Majina ya vitufe hutegemea lugha ya simu yako, kwa hiyo nitaeleza kazi zake. Programu nyingine nazo zina kazi hizohizo.

Kwanza, chagua. Asubuhi moja hunipa picha 80. Zinazobaki ni 3. Kuza kila moja mpaka jicho lijae skrini. Si safi? Futa, hata kama ua lilikuwa zuri kiasi gani. Kunoa, yaani kukaza mistari ya picha kwa programu, hakuleti kitu ambacho lenzi haikukiona.

Picha nitakayokueleza ni ya nyuki ubavuni mwa shada la kivumbasi, saa 1 na nusu asubuhi. Jicho limetoka safi: vinywele vilivyoota juu ya jicho vinaonekana, maana nyuki wa asali ana manyoya hata machoni. Miguu ya nyuma imebeba chavua ya njano. Lakini picha nzima imefifia, ina ukijani, na juu kulia kuna kipande cha jani la mgomba kilichopigwa na jua.

Nilianza na kukata. Nilibakiza nafasi kubwa mbele ya nyuki, upande anaoelekea, na ndogo nyuma yake. Lile jani likaondoka karibu lote. Usikate kupita kiasi: picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ukiibakiza nusu kila upande inakuwa 2000 kwa 1500, bado inatosha kusafishwa kwa sentimita 10 kwa 15, lakini ukubwa wa A4 hautatoka vizuri.

Kisha rangi. Nilitafuta kitu ninachojua ni cheupe, hapa petali za kivumbasi, nikavuta kipimo cha kijani na zambarau kuelekea zambarau kidogo mpaka petali zikawa nyeupe, halafu nikaongeza joto kwa pointi chache. Picha za msituni huhitaji hatua hii zaidi ya nyingine zote.

Mwangaza ulikuja baadaye. Badala ya kuinua picha nzima, nilishusha sehemu angavu kwa 20 na kuinua vivuli kwa 15. Tumbo la nyuki likajitokeza na mistari yake. Kontrasti, yaani tofauti ya mwanga na giza, niliongeza 10 tu.

Halafu zana ya kuchagua sehemu, ambayo ndiyo hufanya kazi kubwa kwa mguso mdogo. Niliweka nukta kwenye jicho, nikabana mduara uwe mdogo, nikaongeza mwangaza 12. Nikaweka nukta nyingine kwenye mabaki ya lile jani, nikashusha mwangaza wake 30. Macho sasa hayaendi tena pembeni.

Kunoa nilikuacha mwisho, kiasi cha 15, nikitazama picha ikiwa imekuzwa. Ile zana ya kuongeza umbile usiipake picha nzima: mandharinyuma laini hugeuka changarawe, na nywele za nyuki huwa kama waya. Ipake kwa brashi juu ya mdudu peke yake. Zana ya kufutia madoa niliitumia kwenye chembe moja ya vumbi iliyokuwa kwenye petali. Mguu uliokatika, bawa lililochanika, mimi sifuti. Hivyo ndivyo nilivyomkuta.

Iweke simu chini, kanywe maji, urudi uitazame upya. Karibu kila mara utarudisha rangi nyuma kidogo. Hifadhi kama nakala, picha asilia ibaki. Ukiituma kwa WhatsApp itume kama dokumenti, la sivyo itabanwa na zile nywele za jichoni zitapotea njiani.

Mpe jina

Unapopiga, ongeza picha tatu za kumbukumbu hata kama si nzuri: mgongo, ubavu, uso. Andika tarehe, mahali na mmea alipokutwa. Ziweke iNaturalist, tovuti na programu ya kurekodi viumbe, ambako watu wanaojua wadudu na mimea husaidia kutambua. Kwa vinyonga na Saintpaulia, chagua mahali pafichwe kwenye ramani. Vinyonga wa milima hii wamekuwa wakikamatwa na kuuzwa nje, na picha yenye alama sahihi ya ramani inaweza kumfikisha mkamataji hadi kwenye tawi lenyewe.